Uzi: Bakapu ya NAS mbili nyumbani, ilivyonifutia picha na nilivyoipanga upya

MpigaPicha_Njiro

Wakuu, habari za Jumapili. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka hapa lote. Wiki hii peke yake watu watatu wameniuliza "ile bakapu yako ya NAS mbili uliipangaje?" na kila mmoja nimemjibu nusu nusu kwenye simu.

Mimi ni mpiga picha, naishi Njiro hapa Arusha. Harusi, send-off, kipaimara, na msimu wa wageni ukifika natoka na magari ya utalii. Harusi moja inaniachia picha kama 2,700 za RAW (faili ghafi la kamera), kila moja MB 30 hivi. Hiyo ni GB 80 kwa siku moja ya kazi. Hata diski za kuchomeka zilinishinda zamani, ndiyo nikaingia kwenye NAS, yaani mashine ya diski inayokaa kwenye mtandao wa nyumbani na kutunza mafaili.

Nilikuwa na mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya zamani niliyoiwekea OpenMediaVault (mfumo wa bure wa kuigeuza kompyuta kuwa NAS), iko chumba ninachofanyia kazi. Ya pili iko stoo, nyuma ya nyumba. Kila usiku saa nane, rsync, programu ya kunakili mafaili, ilichukua folda ya picha kwenye ya kwanza na kuisukumia ya pili, na nilikuwa nimeiwekea `--delete` ili pande zote mbili zifanane kabisa. Ilienda hivyo mwaka na zaidi bila tatizo hata moja.

Ikaja Aprili, masika yamekolea, umeme ukakatika jioni na ukarudi kwa kishindo. NAS ya kwanza ikawaka, taa zote za kijani, lakini diski ya data haikupanda. Kwa asiyejua: kwenye Linux diski inapachikwa juu ya folda. Isipopachikwa, folda ile inabaki palepale, ila tupu. Saa nane usiku rsync ikaamka kama kawaida yake. Ikatazama chanzo, ikakuta folda ipo na haina kitu ndani. Kwake hilo si kosa. Ikafanya nilichoiagiza: ikaifananisha stoo na chanzo. Ikafuta kila kitu.

Asubuhi nilifungua folda ya stoo kumtafutia mteja picha, nikakuta nyeupe. Nilienda kusimama mbele ya ile mashine, kikombe cha chai mkononi, nikisikiliza diski inavyozunguka, na sikuweza kufanya chochote kwa dakika kadhaa. Diski ya kwanza ilirudi baada ya kukarabati mfumo wa faili, lakini folda mbili hazikurudi kabisa. Moja ilikuwa kipaimara cha Kibosho. Nilipanda gari mpaka kule kumwambia mama wa mtoto uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama zile picha tatu nilizomtumia WhatsApp siku ile zinaweza kuchapishwa kubwa. WhatsApp inabana picha, kwa hiyo hazikuweza kuvuka ukubwa wa kadi. Hizo tatu ndizo alizonazo mpaka leo.

Kwa hiyo hoja yangu kwenye uzi huu ni moja: kioo si bakapu. Nakala inayoifuata asili kila hatua itaifuata mpaka shimoni.

Sasa nilivyopanga upya. NAS ya stoo ndiyo inayovuta. Ya kwanza haisukumi tena. Ya kwanza haina ufunguo wala nywila ya kuingia stoo, na stoo inaingia kwa ya kwanza kwa akaunti inayoweza kusoma tu. Hili wengi wanaliona dogo, kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kwenye laptopu yangu kitafunga kila kinachofikika kutoka hapo. Januari 2022 kirusi cha Deadbolt kilifunga mafaili ya watu wengi duniani waliokuwa wameacha NAS zao za kampuni ya QNAP wazi kwenye intaneti, na aliyekuwa na nakala pale pale ndani ya NAS aliiona nayo imefungwa. Stoo yangu hakuna anayeweza kuiandikia isipokuwa yenyewe.

Kila usiku inatengeneza folda mpya yenye tarehe. Amri yenyewe hii hapa, nimeipunguza:

`ssh njiro test -f /data/picha/.nipo || exit 1`
`rsync -a --link-dest=/bakapu/jana njiro:/data/picha/ /bakapu/inaendelea/`

Mstari wa kwanza ndio ungeniokoa ile Aprili. Ndani ya diski nimeweka faili dogo linaloitwa `.nipo`. Diski isipopanda, faili halionekani, na kazi inakufa hapo hapo kabla haijagusa kitu. Mstari wa pili unavuta picha, na faili ambalo halijabadilika tangu jana halinakiliwi upya. Linaunganishwa tu na lile la jana, halichukui nafasi nyingine. Ukifungua folda ya tarehe yoyote unakuta kila kitu kimekamilika, ingawa usiku ule kilichoongezeka ni GB 2 tu. Kazi ikiisha salama, `inaendelea` inapewa jina la tarehe na `jana` inaelekezwa kwake. Umeme ukikatika katikati, inabaki `inaendelea` na hakuna anayeidhania kuwa imekamilika. Angalieni sana ule mkwaju (/) wa mwisho baada ya `picha/`. Ukiusahau, rsync inaipeleka folda yenyewe badala ya vilivyomo, na unaishia na picha/picha ambayo itakuchanganya siku ya kuitafuta.

Natunza siku 14, wiki 8, na miezi 12. Hakuna `--delete` mahali popote, maana folda ni mpya kila usiku. Kilichofutwa leo bado kiko kwenye folda ya jana.

Karibuni, mwenye njia bora aiweke, nipo.

Fundi_Sanawari

Mkuu umefanya jambo kubwa kuandika hili. Mimi nafunga mitandao ya nyumbani na hoteli ndogo ndogo. Niongeze la kebo, maana ndiyo ninayokutana nayo kila wiki.

Mtu anakupigia, "bakapu yangu inachukua siku nzima." Namuuliza inaenda kasi gani. Akisema MB 11 kwa sekunde, nina uhakika karibu wote kwamba ni kebo au rauta. Hiyo 11 ndiyo dari ya megabiti 100. Gigabiti inakupa kama MB 110. Kwa TB moja, tofauti ni saa mbili na nusu dhidi ya siku nzima na kidogo. Rauta nyingi za kupewa na kampuni za intaneti zina matundu ya megabiti 100, kwa hiyo NAS mbili ukizichomeka humo umezifunga miguu. Nunua swichi ya gigabiti, NAS zote mbili zikae kwenye swichi, na rauta ichomekwe hapo kama mgeni mwingine tu.

Na kebo: gigabiti inatumia nyaya zote nane. Megabiti 100 inatumia nne tu. Kwa hiyo kichwa kikibanwa vibaya, waya mmoja wa zile nne za ziada ukiwa haushiki, kebo inaendelea kufanya kazi ila inashuka mpaka 100 kimya kimya. Juzi Moshono nilikuta mtu amebadilisha NAS nzima akidhani imechoka. Nilikata kichwa cha kebo nikaona waya wa kahawia umeishia nje ya pini. Kubana upya, dakika tano.

La mwisho, UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) yenye waya wa USB. UPS ya kupiga kelele tu haitoshi, lazima iweze kuiambia NAS "zima." NAS moja inaunganishwa na UPS kwa USB, na ya pili inaweza kusikiliza ujumbe huo kupitia mtandao, almradi swichi nayo iko kwenye UPS hiyo hiyo. Watu wanaisahau swichi.

MamaDuka_Kiboriloni

Asante kaka kwa uzi. Nina swali, na mnisamehe kama ni dogo. Nina NAS mbili za mahesabu ya duka na picha za watoto. Nilifuata maelekezo nikaandika kwenye cron (ratiba ya kazi za mashine) namba 8 ili ifanye kazi saa nane usiku. Inaanza saa mbili asubuhi, wakati tunafungua duka, na kompyuta ya mauzo inakuwa nzito mpaka wateja wanalalamika. Nimekosea wapi?

MpigaPicha_Njiro

Dada, swali lako si dogo, hata mimi lilinikuta. Cron haihesabu saa kwa Kiswahili. Inaanza usiku wa manane na kuhesabu 0 mpaka 23. Saa nane ya usiku yetu kwake ni 2, kwa hiyo mstari unaanza hivi: `0 2 * * *`. Ukiandika 8 inasoma saa mbili asubuhi.

Halafu tazama mpangilio wa eneo la saa. Ikiwa NAS imebaki kwenye UTC, iko nyuma yetu saa tatu, na 2 yake itakuwa kumi na moja alfajiri hapa Moshi na Arusha. Iweke Africa/Dar_es_Salaam.

MamaDuka_Kiboriloni

Eneo la saa lilikuwa sawa, nimerekebisha namba tu. Ubarikiwe sana.

Kijenge_Tech

Mkuu MpigaPicha, nakubaliana na hoja ila sikubaliani na njia. Unawaogopesha watu wa kawaida kwa amri. Mwenye NAS mbili za Synology afungue programu yake ya Hyper Backup kwenye ya kwanza, aweke Hyper Backup Vault kwenye ya pili, achague ratiba na idadi ya matoleo, amemaliza. Ina matoleo, ina ukaguzi wa uzima wa nakala, inatuma barua pepe ikishindwa. QNAP nao wana HBS 3. Na asiye na hizo aweke Syncthing, programu ya kufananisha folda, ni bure, inafanya kazi kila mahali.

MpigaPicha_Njiro

Kaka, Hyper Backup sina ugomvi nayo, ni bakapu kweli, na kama mtu anayo aitumie leo hii. Wasichanganye tu na Shared Folder Sync iliyo kwenye Synology hizo hizo, maana ile ni kioo kama kile kilichonimaliza. Na Hyper Backup inahifadhi kwa umbo lake yenyewe. Siku ya kuokoa unahitaji programu ya Synology ikufungulie. Folda zangu nazifungua kwa kompyuta yoyote ya Linux, hata ya kuazima. Hilo ndilo linalonilaza usingizi.

Syncthing hapo tunaachana. Ni programu nzuri sana na naitumia kwenye simu, lakini imeundwa kufananisha. Ukifuta huku, inafuta kule.

Kijenge_Tech

Ina kutunza matoleo. Unaweka upande wa pili uwe wa kupokea tu, unawasha matoleo, kinachofutwa kinahamia folda ya `.stversions`.

MpigaPicha_Njiro

Kweli, na ukiwasha vyote viwili inasaidia. Wasiwasi wangu ni kwamba matoleo hayo hayawaki yenyewe, na niliowahi kukaa nao wakinionyesha Syncthing yao, hakuna aliyekuwa ameyawasha. Pia inakutunzia faili moja moja lililobadilika, haikupi picha ya folda nzima ilivyokuwa Jumanne. Kwa kipaimara kimoja kilichopotea sawa, kwa folda elfu moja zilizofungwa na kirusi utakesha.

Kijenge_Tech

Hilo la Jumanne nimelipokea. Basi tuongeze: mwenye diski za mfumo wa Btrfs au ZFS awashe snapshoti (kumbukumbu ya folda zote zilivyokuwa saa ile) kwenye NAS ya pili, hata akitumia Syncthing. Snapshoti za kusoma tu, kila usiku. Hapo Jumanne yako unaipata.

MpigaPicha_Njiro

Hapo tumekutana mkuu. Na mwenye Btrfs au ZFS aweke na ukaguzi wa diski nzima mara moja kwa mwezi, unaonyesha mafaili yaliyooza kimya kimya.

Mzee_Marangu

Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi. Mimi nimestaafu, nina picha za familia za miaka mingi nilizozipitisha kwenye skana mwenyewe, na kanda za sauti za marehemu mama yangu akisimulia. Mjukuu alininunulia NAS yenye diski mbili akasema zinaandika pamoja, moja ikifa nyingine inabaki. Je, bado nahitaji NAS ya pili?

Fundi_Sanawari

Shikamoo mzee. Hiyo aliyokuwekea ni RAID 1. Inakulinda diski moja ikifa, na hapo tu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyo hiyo. Mwizi akibeba, anabeba zote. Radi ikipita kwenye waya, zote ziko ndani ya boksi moja. Kwa sauti ya mama yako, mzee, usikubali kuishia hapo.

MpigaPicha_Njiro

Shikamoo mzee wangu. Naongezea kwa Fundi. Huhitaji NAS ya pili kubwa. Hata diski moja ya nje ya USB inatosha kuanzia, NAS yako ina mahali pa kuipangia ratiba. Nyingine kama hiyo ikae kwa mwanao mjini, mbadilishane kila anapopanda kuja. Kuna kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani. Aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Zile kanda ndizo za kwanza, anza nazo kesho, picha zifuate.

Mzee_Marangu

Marahaba. Mwanangu yuko Soweto, Moshi, anapanda kila Jumamosi. Nitamwambia aje na diski.

Rau_Usiku

Mkuu MpigaPicha, hapo pa "moja ikae mbali" ndipo hujagusa kwako. NAS zako zote mbili ziko kiwanja kimoja Njiro. Moto au mwizi mmoja ameshamaliza.

Mimi niko Rau, Moshi, na NAS yangu inabadilishana bakapu na ya shemeji yangu Sakina. Kilichonichelewesha miezi ni anwani ya IP. Intaneti nyingi za nyumbani huku hazikupi anwani yako mwenyewe, mko wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni, kwa hiyo kufungua mlango kwenye rauta hakusaidii kitu. WireGuard, programu ya kuunganisha nyumba mbili kwa njia ya siri, yenyewe inataka angalau upande mmoja ufikike. Nilivyovuka ni kwa Tailscale, ambayo inatumia WireGuard ndani yake lakini pande zote mbili zinatoka nje kutafutana. Hakuna mlango wowote wa NAS uliofunguliwa intaneti, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

La pili: nakala ya kwanza usiipitishe kwenye intaneti. Kasi ya kupandisha ya megabiti 20, ikiwa yote ni yako na haitikisiki, TB 4 zinachukua siku 18 na nusu. Niliipeleka NAS yangu Sakina, nikaichomeka kwenye swichi ya shemeji, ikajaa usiku mmoja na mchana, nikarudi nayo Moshi kwa basi. Kilomita 80. Niliipakata njia nzima, sikuiweka kwenye buti. Tangu siku hiyo usiku inapita tofauti tu.

MpigaPicha_Njiro

Kaka umenipiga pale panapouma na una haki. Nimeliahirisha hilo kwa sababu ya kasi. Katalogi yangu ya Lightroom (programu ya kupanga na kuhariri picha) ni GB 3 na inabadilika kila siku, nilidhani itapita yote kila usiku.

Rau_Usiku

Haipiti yote. Hiyo ndiyo kazi rsync iliyozaliwa nayo. Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia waliitoa mwaka 1996, wakati laini zilikuwa nyembamba kuliko zetu za leo. Pande mbili zinalinganisha faili vipande vipande na kutuma vile tu vilivyobadilika. Katalogi ya shemeji ni kubwa kuliko yako, usiku zinapita MB chache.

Na wingu peke yake nisingelitegemea. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari. Intaneti ilikuwa ya kusuasua nchi nzima. Kati ya nyumba mbili ninaweza kupanda basi.

Una chumba kwangu, mkuu. Rafu ipo, UPS ipo. Mimi niliombe eneo kwako TB 2.

MpigaPicha_Njiro

Nimekubali. Nakuja Jumamosi ijayo na NAS ya stoo, tayari imejaa. Stoo nitaweka nyingine ndogo.

Fundi_Sanawari

Kabla hamjabeba, fungeni data kwa nywila kwenye diski zenyewe. Njiani chochote kinaweza kutokea, na zile ni harusi za watu.

MamaDuka_Kiboriloni

Kaka, swali la mwisho. Barua pepe ya kushindwa nimewasha. Nitajuaje kama inafanya kazi kweli?

MpigaPicha_Njiro

Dada, barua ya kushindwa inakuja tu kama NAS imeamka na kujaribu. Ikiwa imezimika stoo wiki mbili, hakuna barua, na wewe utadhani kimya ni amani. Mimi nimegeuza: inanitumia ujumbe kila asubuhi ikifanikiwa, na idadi ya mafaili na ukubwa ndani yake. Asubuhi ujumbe usipokuja, naenda stoo kabla ya chai. Idadi ikishuka ghafla, vilevile.

Na kila Jumapili naokoa kitu. Nachagua folda moja ya zamani bila mpangilio, naivuta kutoka bakapu mpaka kwenye laptopu, nafungua picha ishirini, naikuza mpaka asilimia 100. Kisha nalinganisha alama za `sha256sum` za pande mbili, ambazo hubadilika faili likibadilika hata kidogo. Inachukua robo saa.

MpigaPicha_Njiro

Wakuu, narudisha mrejesho. Jana Jumamosi NAS ilifika Rau salama, imepakatwa kama ulivyosema kaka. Tuliichomeka, Tailscale ikaiona ya Njiro ndani ya dakika moja. Usiku wa kwanza zilipita GB 1.4, ilianza saa nane kamili na kumaliza saa tisa na dakika arobaini. Ujumbe umeingia asubuhi: mafaili 212,608.

Leo nimefanya zoezi la Jumapili kutokea kwenye nakala ya Moshi, kupitia intaneti. Nilichagua folda ya Januari, harusi ya Tengeru. Picha ishirini zimefunguka zote, alama zimelingana. Bibi harusi ameshika ua mkono wa kushoto, na nyuma yake mtoto amelala kwenye kiti, kiatu kimoja kimeanguka. Nilikuwa nimemsahau kabisa huyo mtoto.